Kutoka Msharasi hadi Kopo la Rangi: Historia ya Kuziba Ngozi Iliyochanika kwenye Viti vya Magari

Ngozi ya kiti cha gari haikuchanika kwa namna moja katika zama zote. Kiti cha gari la farasi la karne ya 18 kilipoharibika, mara nyingi ulikuwa ni uzi uliooza na mshono ukafumuka, ilhali ngozi yenyewe ingali nzima. Kiti cha gari la Kiingereza la miaka ya 1950 kilipoharibika, kilichotangulia kufa ni tabaka la rangi lililopakwa juu ya ngozi, ambalo lilipasuka vijistari vyembamba, jasho na unyevu vikapenya humo, na ngozi ikafuata baadaye. Katika magari ya siku hizi, kitu ambacho muuzaji hukiita ngozi mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa plastiki, nacho huchanika kwa kufuata matundu ya sindano yaliyomo katika mshono wake. Kila namna ya kuharibika ilidai fundi wa aina yake, na kwa sababu hiyo historia ya kazi hii ni historia ya kuhama kwa ujuzi: ulitoka mikononi mwa mshona seruji mwenye sindano mbili na uzi wa nta, ukaenda kwa mpaka rangi mwenye kopo na brashi, kisha katika miji ya Afrika Mashariki ukarudi tena kwa mshonaji, safari hii akiwa na cherehani na akishona kitu ambacho kwa sehemu kubwa si ngozi.

Mwanzo wake uko katika karakana za magari ya farasi. Mjini London, chama cha watengenezaji wa magari hayo pamoja na wa hatamu zake kilipata hati ya kifalme mwaka 1677, katika utawala wa Charles II, na ndani ya karakana za wanachama wake kazi iligawanywa baina ya seremala aliyejenga bodi, mhunzi aliyetengeneza vyuma na springi, mpaka rangi, na fundi wa kuvalisha viti, yaani yule aliyejaza, aliyefunika na aliyepamba sehemu ya ndani. Huyu wa mwisho alikuwa jamaa wa karibu wa mshona seruji, kwa kuwa wote wawili walitumia zana zilezile: kisu cha nusu mwezi cha kukatia ngozi, msharasi wa kutobolea, uzi wa kitani uliosuguliwa kwa nta, na sindano butu zinazopita katika tundu lililokwisha kutobolewa. William Felton, mtengeneza magari wa mtaa wa Leather Lane, alianza kuchapisha mwaka 1794 kitabu kiitwacho A Treatise on Carriages, ambacho kichwa chake chenyewe kiliahidi kutaja bei halali za kila kipande cha gari, ili wenye magari wasitozwe zaidi ya haki. Ugomvi kati ya mwenye gari na fundi wake, kama inavyoonekana, ni mkongwe kuliko injini.

Jambo moja katika magari hayo linakwenda kinyume na fikra ya leo kwamba ngozi ni alama ya fahari. Katika gari lililofunikwa, bwana na bibi waliketi juu ya kitambaa cha sufu au cha hariri, huku ngozi ikiwekwa mahali pa mwendeshaji aliyekaa nje akipigwa na mvua, kwa sababu ngozi iliyotiwa mafuta vizuri haikunywa maji upesi na iliweza kupanguswa tope. Desturi hiyo iliingia katika magari ya injini bila kubadilika, na magari mengi ya kifahari yaliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili yalikuwa na ngozi mbele kwa dereva na kitambaa laini nyuma kwa mwenye mali. Aliyekalia ngozi alikuwa mtumishi. Ngozi ilipata hadhi polepole, kwanza kupitia magari ya wazi ambayo mwenyewe aliyaendesha kwa starehe, na baadaye kwa sababu ilizidi kuwa ghali kuliko vitu vilivyoiigiza.

Kiti cha zama hizo kilijazwa singa za mikia na shingo za farasi zilizosokotwa na kuchemshwa ili zijikunje, na tangu robo ya pili ya karne ya 19 springi za chuma za mzunguko zikawekwa chini yake. Ngozi ilivutwa juu ya mjazo huo na kushikwa kwa vifungo vilivyopenya hadi chini, vikiacha mashimo na mikunjo yenye umbo la almasi, na mikunjo hiyo haikuwa pambo tu, kwa kuwa iliacha akiba ya ngozi iliyoweza kujinyoosha mtu anapoketi. Mshono wenyewe ulikuwa mshono wa seruji, ambamo uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kila ncha, hupitishwa katika kila tundu kutoka pande zote mbili, hivi kwamba kila hatua ya mshono hujifunga peke yake na kukatika kwa hatua moja hakufumui zile zinazofuata. Fundi aliyeletewa kiti kilichofumuka aliweza basi kuondoa uzi uliooza katika sehemu ndogo na kuushona upya kwa kutumia matundu yaleyale, na ukarabati wa namna hiyo, ukifanywa na mkono uliozoea, hautofautiki na mshono wa kwanza.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari imehusika na magari hayo kwa njia ambayo wenyeji wake hawakuwa na sababu ya kuifahamu. Sandarusi, utomvu uliogeuka kuwa mgumu na kuchimbwa ardhini katika Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, ilisafirishwa kupitia Unguja kwenda kutengenezewa vanishi, na ile ya Zanzibar ilihesabiwa miongoni mwa sandarusi ngumu kuliko zote, kwa hiyo ilipendwa na wapakaji wa magari waliotaka mng'ao usiochubuka. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walioshamiri Unguja baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, walipakia sandarusi, pembe za ndovu na ngozi ghafi katika shehena zao. Ngozi hizo zilikwenda zaidi katika viatu kuliko katika viti, lakini zinaonyesha nafasi ambayo eneo hili lingeendelea kuishika katika biashara ya ngozi: kutoa mali ghafi, na kupokea kilichokamilika.

Ngozi ghafi huoza, na kazi ya kuisindika ni kuifunga nyuzi zake za asili ili zisioze na zisikauke kama ubao. Kwa karne nyingi kazi hiyo ilifanywa kwa tanini, kemikali inayopatikana katika magome ya miti, na katika Uingereza gome lililotumika zaidi lilikuwa la mwaloni, ambalo lilihitaji miezi mingi, hata kupita mwaka, ngozi zikiwa zimelazwa katika mashimo ya maji. Miti ya miwati, iliyotoka Australia na kustawishwa kwanza kusini mwa Afrika, iliingia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwa zao la biashara la wakulima wadogo wa nyanda za kati, na viwanda vya kukamulia magome yake vikajengwa Thika na Eldoret. Katika Tanganyika, shirika la maendeleo la makoloni la Uingereza lilianzisha mashamba ya miwati huko Njombe mwaka 1949. Tanini ya nyanda hizi ilisindika nyayo za viatu, mikanda ya mashine, matandiko ya farasi na ngozi za samani za Ulaya, na ingawa haiwezekani kuifuatilia hadi kwenye kiti fulani, gome la Njombe na ngozi ya kiti cha gari la Kiingereza havikuwa vitu vya dunia mbili.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitoka kwa Augustus Schultz wa New York, ambaye mwaka 1884 alipata hataza ya kusindika ngozi kwa chumvi za kromi. Ngozi ya kromi ilikamilika kwa siku chache, ilikuwa nyembamba na yenye kunyumbuka, na juu ya yote ilistahimili joto: ngozi ya magome huanza kusinyaa ikipata unyevu na joto la kadiri ya nyuzi 70 hadi 85 za Selsiasi, lakini ya kromi iliyosindikwa vizuri hufika karibu na 100. Maadamu magari yalikuwa wazi, tofauti hiyo haikuonekana sana, lakini gari lililofungwa kwa vioo vikubwa na kuachwa juani ni tanuri dogo, na ni humo kromi ilipopata nguvu. Fundi mzoefu huzitambua ngozi hizo mbili kwa kutazama ukingo uliokatwa, kwani ile ya magome ni kahawia hadi ndani, na ile ya kromi huwa na kiini cha buluu au kijivu. Utambuzi huo ulikuwa na matokeo ya moja kwa moja kwa kazi, kwa sababu ngozi ya magome huweza kulowanishwa na kufinyangwa ikae katika umbo, wakati ya kromi hurudi ilikotoka mara tu inapoachwa.

Pamoja na kromi ikaenea mashine ya kupasulia yenye kisu cha mkanda, iliyoweza kuigawa ngozi moja nene kuwa tabaka kadhaa. Tabaka la juu, lenye uso wa asili wenye matundu ya vinyweleo, lina nyuzi zilizosongamana na ndilo lenye nguvu. Matabaka ya chini, yaliyo karibu na upande wa nyama, yana nyuzi legelege na hayana uso wowote, kwa hiyo yalipakwa rangi nzito na kugandamizwa kwa bamba lenye nakshi ili yapate sura ya ngozi. Ngozi ikawa inaigiza ngozi, na mnunuzi wa kiti cha tabaka la chini alipata kitu kinachofanana na kiti cha jirani yake lakini kinachochanika mapema zaidi.

Magari ya injini yalipoanza kuuzwa kwa wingi, mfumo wa zamani wa karakana uliendelea katika daraja la juu. Rolls-Royce iliuza fremu na injini, na mteja akapeleka vitu hivyo kwa mjenzi wa bodi kama Hooper au Barker, ambaye mafundi wake wa viti walikuwa wamefunzwa katika magari ya farasi. Hali hiyo ilidumu hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, gari la Bentley Mark VI la mwaka 1946 lilipotoka kiwandani likiwa na bodi ya chuma ya aina moja. Ngozi za magari hayo zilitolewa kwa kiasi kikubwa na kampuni ya Connolly, iliyoanzishwa na ndugu wawili mjini London mwaka 1878 ikiwa duka la kushona viatu na vitu vya farasi, ambayo ilitoa ngozi kwa ajili ya gari la kutawazwa kwa mfalme Edward VII mwaka 1902, na baadaye kwa Rolls-Royce, Jaguar, Ferrari na hata mabenchi ya Bunge la Uingereza. Kiwanda chake kilifungwa mwaka 2002. Watengenezaji wa daraja hilo walizipendelea ngozi za Ulaya ya kaskazini, ambako baridi hupunguza wadudu na mashamba mengi hayakuzungushiwa seng'enge, kwani alama ya kupe, mwiba au chuma cha moto haifutiki katika kusindika. Ngozi za Afrika Mashariki zilikuwa na alama hizo zote, pamoja na mikato ya kisu cha mchunaji.

Katika daraja la chini hadithi ilikuwa nyingine. Mwaka 1910 kampuni ya DuPont ilinunua kiwanda cha Fabrikoid cha Newburgh, New York, kilichotengeneza kitambaa cha pamba kilichopakwa nitroselulosi, yaani pamba iliyobadilishwa kwa asidi, iliyolainishwa kwa mafuta ya mbarika. Huko Hyde, karibu na Manchester, kitu cha namna hiyohiyo kilitengenezwa kwa jina la Rexine. Gari la Ford la Model T, lililouzwa kuanzia 1908 hadi 1927, lilianza na ngozi halisi na kisha likaingia katika ngozi za bandia. Waingereza walichukua njia ya kati, iliyodumu hadi miaka ya 1960 na zaidi: ngozi halisi iliwekwa tu pale mwili unapogusa, na kitambaa cha kupakwa kikawekwa ubavuni na nyuma ya kiti, vyote vikiwa vimepakwa rangi moja. Vikiwa vipya havikutofautiana, lakini baada ya miaka kumi ngozi ilikuwa imefifia na kitambaa kimebaki kama kilivyokuwa, na fundi aliyeletewa kiti hicho akalazimika kuchagua ni rangi ipi kati ya hizo mbili aihesabu kuwa ya kweli.

Kwa hiyo kufikia katikati ya karne ya 20, fundi wa viti alikutana na maradhi matatu yaliyohitaji tiba tofauti: mshono uliofumuka, ngozi iliyopasuka katikati ya kipande, na uso uliochubuka. La kwanza lilibaki mikononi mwa mshonaji. Kiti hufunguliwa, pete za chuma zinazokishika kifuniko hukatwa, kifuniko hupinduliwa ndani nje, uzi wa kale huchomolewa, na mshono mpya hupitishwa katika matundu ya zamani. Sharti hilo la mwisho ndilo linalomtenga fundi na mwanagenzi, kwa kuwa matundu mapya yakipangwa kando ya yale ya zamani, ukingo wa ngozi huwa kama ukingo wa stempu, na mtu wa kwanza mzito atakayeketi ataukamilisha mpasuko.

Ugonjwa wa pili ndio mgumu. Mpasuko wa katikati haushoneki, maana sindano ingeacha kovu na kuvuta ngozi ijikunje, na tena hauzibiki kwa gundi ya juu peke yake, kwani kingo mbili zilizogusana hazina eneo la kutosha la kushikana. Njia iliyokubalika ni kiraka cha chini: kipande cha turubai au cha ngozi nyembamba, chenye pembe zilizoviringwa na kingo zilizokonda ili zisionekane kwa juu, huingizwa kupitia mpasuko wenyewe hadi kikae chini yake kikizidi kila upande kwa sentimita moja au mbili, kisha hushikizwa kwa gundi inayonyumbuka, na kingo za mpasuko hulazwa juu yake bila kuvutwa. Kinachobebeshwa uzito ni kiraka. Ujazo laini unaopakwa baadaye katika ufa, ukasuguliwa kwa msasa na kufunikwa rangi, ni wa macho tu, na kazi nyingi zinazorudi kwa fundi baada ya mwezi mmoja ni zile ambazo ujazo ulitegemewa kufanya kazi ya kiraka.

Hata kiraka kizuri hushindwa ikiwa kilicho chini yake kimekufa. Kampuni ya Dunlop ilitengeneza mwaka 1929 mto wa povu la mpira uliokuja kujulikana kwa jina la Dunlopillo, na povu hilo liliziondoa polepole singa za farasi katika viti, likafuatwa tangu miaka ya 1950 na povu la poliurethani, ambalo ndilo sponji ijulikanayo leo kila mahali. Povu la mpira huzeeka kwa kugeuka unga, na sponji hubonyea upande ambao dereva huingilia na kutokea. Ngozi iliyoachwa bila kuegemea huwa kama machela inayobeba uzito wote katika mishono yake, nayo hupasuka tena kando ya mahali palipotengenezwa. Fundi wa kweli huanzia chini. Mwenye gari, ambaye hulipia anachokiona, mara chache hupenda kulipia sponji, na hapa pana sehemu kubwa ya mzozo wa kazi hii tangu siku za Felton.

Ni katika ugonjwa wa tatu, uso uliochubuka, ndipo mpaka rangi alipochukua nafasi. Ngozi za magari za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilipakwa rangi ya nitroselulosi, ambayo huyeyuka tena inapoguswa na kiyeyushi chake hata baada ya miongo, kwa hiyo fundi aliweza kuilainisha rangi ya zamani kwa tina, kuisawazisha na kuongeza mpya ikashikana nayo kuwa kitu kimoja. Rangi za poliurethani zilizoenea baadaye hujifunga zenyewe kikemikali na hazirudi nyuma: ni ngumu kuchubuka, lakini zikichubuka rangi mpya hulala juu yake bila kuungana nayo, isipokuwa uso umesafishwa mafuta na jasho, ukasuguliwa kidogo na kupakwa tabaka la kushikisha. Uimara wa kiwandani uligeuka kuwa ugumu wa karakanani, jambo ambalo limejirudia katika kila sehemu ya gari.

Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich, aligundua mwaka 1926 njia ya kulainisha plastiki ya PVC, na baada ya Vita Kuu ya Pili kitambaa kilichopakwa plastiki hiyo, kiitwacho vinaili, kikafunika viti vya sehemu kubwa ya dunia. Hata Mercedes-Benz, ambayo katika Afrika Mashariki iliwapa wakubwa jina la Wabenzi, ilivalisha magari yake mengi ya miaka ya 1960 na 1970 vinaili yake imara iitwayo MB-Tex, kiasi kwamba wakubwa wengi walioaminika kukalia ngozi walikuwa wamekalia plastiki. Vinaili hailiwi na ukungu wala hainywi maji, lakini kilainishi chake hutoka kidogo kidogo kwa joto, kikaacha utando wa mafuta kwenye vioo na kuifanya plastiki iwe kavu na yenye kuvunjika. Ukarabati wake ulizua fundi asiyehitaji kushona kabisa: yeye hujaza mpasuko kwa vinaili ya majimaji, hufunika kwa karatasi yenye chapa ya vinyweleo vya ngozi, na hupasha moto hadi majimaji yagande yakiwa na sura hiyo. Katika Marekani kazi hiyo ilifanywa na watu waliozunguka na gari lenye vifaa, wakiwatembelea wauza magari yaliyokwisha kutumika.

Katika Afrika Mashariki ufundi huu uliingia kwa mlango mwingine. Karakana za mwanzo za Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zilikuwa kwa sehemu kubwa mali ya mafundi wenye asili ya Kihindi, na Masingasinga wa Punjab, ambao wengi wa wazee wao walihusika na reli ya Uganda iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, walijulikana hasa katika useremala, uhunzi na ujenzi wa mabodi ya malori na mabasi. Kenneth King, katika utafiti wake The African Artisan wa mwaka 1977, alionyesha jinsi Waafrika waliofanya kazi katika karakana hizo kama wasaidizi walivyoondoka na ujuzi na kuanzisha kazi zao chini ya jua, bila shule na bila cheti. Miaka mitano kabla ya hapo, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya ilikuwa imewataka watawala waache kuwaona mafundi hao kama uchafu wa mjini, na jina la jua kali lililotoka katika hali yao ya kazi likaingia baadaye katika nyaraka za serikali.

Kilichowapa washonaji wa siti kazi ya kudumu kilikuwa usafiri wa abiria. Matatu za Kenya zilipewa ruhusa mwaka 1973, na magari ya watu binafsi yaliyoitwa daladala yaliruhusiwa Dar es Salaam mwaka 1983. Gari lililoundwa kwa kubeba mizigo lilipogeuzwa la abiria, viti vyake vilijengwa hapahapa: fremu ya mabomba iliyochomelewa, ubao, sponji, na kifuniko cha vinaili kilichoshonwa kwa cherehani nzito. Kiti cha namna hiyo hukaliwa na watu wengi kwa siku moja kuliko kiti cha gari la familia kwa mwezi, hupakiwa vikapu na madumu, na mpasuko wake huanza mahali pamoja takriban kila mara, kwenye ukingo wa mbele ambapo abiria huteleza akiingia na kutoka. Hakuna anayeziba mpasuko wa matatu kwa kiraka cha chini na rangi. Kipande kizima hufumuliwa, hutandazwa juu ya vinaili mpya kiwe kielelezo, hukatwa na kushonwa, na gari hurudi barabarani siku hiyohiyo, kwa sababu gari lililolala halileti hesabu.

Uamuzi huo wa kubadilisha badala ya kuziba uliendelea hata soko lilipojaa magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo yaliingia Tanzania kwa wingi tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na Kenya katika muongo uliofuata. Mengi ya magari hayo yalikuja na viti vya kitambaa, ambavyo katika nchi zenye vumbi, tope na jasho vilionekana kuwa udhaifu, na mwenye gari akampelekea fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Ngara, Nairobi, avivalishe kitu kinachopanguswa kwa kitambaa cha maji. Kuna kava za kuvalisha, zinazovutwa juu ya kiti kama foronya, na kuna zile za kushonea, ambapo kifuniko cha kiwandani huondolewa au hufunikwa moja kwa moja na kile kipya hushikwa pale pale kilipokuwa kimeshikwa cha kwanza. Njia ya pili ni ghali zaidi, nayo ndiyo iliyobeba ujuzi wa zamani, kwani hudai kujua mwelekeo wa mvutano, mahali pa kuacha akiba, na jinsi ya kulazimisha kona iviringe bila kukunjamana.

Mteja huomba ngozi na hupewa vinaili au poliurethani, na pande zote mbili huelewana bila kusema. Hii si hila ya fundi peke yake. Ngozi halisi ya samani haipatikani kwa urahisi katika nchi ambazo zina ng'ombe kwa mamilioni: viwanda vya serikali ya Tanzania vya kusindika ngozi vilivyojengwa Morogoro, Moshi na Mwanza vilidhoofika na kusimama katika miaka ya ubinafsishaji, na ngozi nyingi za eneo hili zimeendelea kusafirishwa zikiwa ghafi au zimesindikwa hatua ya kwanza tu. Fundi mwenye uwezo wa kurekebisha kiti cha ngozi cha gari la Ulaya yupo, lakini hufanya kazi na mabaki ya makochi, rangi ya viatu na gundi ya fundi viatu, na inashangaza ni mara ngapi matokeo yake hudumu, hasa anapofuata kanuni ya kiraka cha chini, ambayo aliifikia kwa kujaribu.

Mabadiliko ya mwisho yamempata fundi huyo bila onyo. Katikati ya miaka ya 1990 Volvo iliweka mifuko ya hewa ya ubavuni katika gari lake la 850, na watengenezaji wengine wengi wakafuata kwa kuuficha mfuko huo ndani ya mgongo wa kiti. Ajali inapotokea, mfuko hutoka kwa kupasua mshono wa pembeni katika sehemu ndogo ya sekunde, na ili uweze kupasua, mshono huo hushonwa kiwandani kwa uzi na hatua zilizopimwa zikatike kwa nguvu maalumu. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii mshono uliotakiwa ulikuwa ule dhaifu, na fundi anayeukuta umefumuka akaushona upya kwa uzi mzito wa nailoni, kama alivyofundishwa kuwa ndiyo kazi njema, anaweza kuuzuia mfuko au kuuelekeza pasipotakiwa. Kava ya kushonea iliyofunika ubavu mzima ina hatari hiyohiyo, ndiyo maana kava zilizobuniwa kwa viti hivyo huachwa wazi upande wa mfuko, au hushonwa hapo kwa uzi wa kukatika. Kiti chenyewe kina alama ndogo iliyoshonwa ubavuni kutaja mfuko huo, na kabla ya kukifungua, waya wa betri hutolewa na gari huachwa kwa dakika kadhaa ili umeme uliobaki katika mfumo uishe, hatua ambayo fundi wa sasa hujifunza kwa fundi umeme, kwa kuwa haikuwamo katika urithi wa mshona seruji wala wa mpaka rangi.